Hatua Sitini Kutoka Msikiti wa Kale

Kule Msimbati mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Hilo nililijua tangu utotoni. Kwa hiyo nilipoulizwa, "Umetumwa na nani?" viatu vikiwa bado mkononi, nilijua kuna jambo.

Viatu nilikuwa nimevivua kwenye gofu la msikiti, kuta za mawe ya matumbawe zisizo na paa. Hakuna anayeswali pale siku hizi, lakini hupiti na viatu. Alinifundisha mama aliyenilea, mimi mtoto wa Kikristo kutoka Shangani ya mjini, ambaye baba yake aliletwa na kazi ya bandari. Mama mzazi alipofariki, yule mama aliyekuwa akitupikia alinichukua kama wake, na kila likizo nilikwenda naye kwao. Ili nisipotee alinipa dawa moja: "Simama penye kibla, fuata ufukwe, hesabu hatua sitini. Utanikuta mlangoni."

Tangu hapo nimezunguka sana: Songea, Tanga, Mwanza. Sikai mahali. Mwaka huu nikasema niende nimwone, au nione kaburi lake.

Hatua ya sitini ilinifikisha katikati ya eneo tupu lenye minazi michache, bahari mbele yake nyeupe kwa povu. Nyumba hakuna. Nikarudi msikitini, nikahesabu upya, nikafika palepale. Nikapiga picha kwa simu.

Nilipogeuka, wanawake wanne waliotoka mwambani walikuwa wamesimama, pweza wakining'inia kwenye vijiti vyao. Ndipo yule mnene, kanga kaifunga kiunoni, akauliza nimetumwa na nani.

"Sijatumwa. Namtafuta mama yangu aliyenilea."

"Mama!" akawageukia wenzake. "Siku hizi kila mpima viwanja ana mama hapa."

"Na huyu kahesabu mara mbili," akasema mwingine. "Ya kwanza hakuamini. Kaona padogo."

Walicheka, lakini hakuna aliyenipisha. Niliwaeleza alivyokuwa, kovu lake la moto kwenye kiganja, kazi yake Shangani.

"Hatumjui," wakasema wote kwa pamoja. Upesi mno. Watu wasiomjua mtu huuliza kwanza, nani huyo, wa ukoo gani. Nikaanza kuwashuku. Amekufa, wamegawana vyake? Au wamemficha?

Nyuma yao, kwenye nyumba ya udongo niliyokuwa nimeipita bila kuitazama, mtu alikuwa akiponda pweza juu ya jiwe. Nilipotaja Shangani, mapigo yalikoma.

"Kaka yako naye alisema hivyohivyo," sauti ikatoka kivulini.

Alikuwa yeye. Amekonda, jicho moja limeingia ukungu, ila kovu lilikuwa palepale. Hakuinuka.

Wakanisimulia: mwaka juzi kaka yangu mkubwa alikuja kwa gari na biskuti na machozi. Akamwambia kuna karatasi ya msaada wa wazee. Mama akabonyeza dole gumba. Mwezi uliofuata mawe ya mipaka yakaonekana kwenye ile minazi. Wanakijiji waliyang'oa, na kesi ipo mpaka leo. Mimi sikujua. Na kwa nini waamini kwamba sikujua?

"Mama, shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimechelewa hata kwa hilo.

"Marahaba. Kaa ule."

Akanipa ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Wale wanne walikaa mlangoni wakinitazama mikono, kama vile nitaandika kitu kwenye mchuzi. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, kwa kuwa kubakiza pale ni tusi.

Akaninawisha mikono. "Sasa umekula. Sema umekuja kufanya nini."

Hapo ndipo nilipoulizwa kwa heshima, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Nimekuja kukuona. Lakini niliposimama kwenye ile minazi, niliwaza pangenifaa. Kibanda kidogo, nipumzike kuzunguka. Sikujua ni pako."

Yule mnene akapiga makofi. "Niliwaambia!"

"Nyamaza, mwenzio anasema," mama akamkatiza. Akanitazama kwa lile jicho zima. "Kaka yako alikula vizuri, akasema amekuja kuniona tu. Wewe angalau umelisema." Akainua fimbo yake kuelekea msikitini. "Zile hatua zangu zirudishe. Anzia hapa, kwa sauti, watu wote wasikie."

Nikafuta picha mbele yao, nikatoka mlangoni pake nikihesabu, wanawake wakinifuata nyuma na kuitikia kila namba kwa kejeli. Niligusa ukuta wa kibla nikiwa hatua ya arobaini na moja. Sitini zilikuwa za miguu ya mtoto.

Nilipogeuka, yeye alikuwa bado amekaa mlangoni, fimbo magotini, akiangalia kama nitarudi kwake au nitampita tena kuelekea kwenye minazi.