Kosa moja la Elibariki na ishirini na tatu yangu

Nimekosa, na sijui pa kuanzia, kwa hiyo naanza na swali lililoninyima usingizi wiki tatu: mtu akigundua kosa moja na mwenzake akagundua ishirini na tatu, nani kafanya kazi?

Jibu nilikuwa nalo. Ndiyo maana sikulala.

Nilimaliza chuo mwaka jana, nikapata kazi kwenye ofisi ndogo ya programu za kompyuta pale Majengo, juu ya duka la fundi cherehani. Tulikuwa tunatengeneza programu ya zamu za mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani hadi mashambani. Mkulima anapata meseji: zamu yako ni Alhamisi asubuhi. Basi.

Kabla programu haijatoka, tunakaa wanne kuipitia mstari kwa mstari tukitafuta makosa. Bosi akaniita. "Mdogo wangu, nataka kujua haya mapitio yanasaidia au tunakunywa chai tu. Nipimie."

Nikachora jedwali: jina la mtu, idadi ya makosa aliyoyaona. Nililipenda mno. Nililipenda zaidi nilipogundua kwamba neno lililokosewa herufi, likitokea kurasa sita, naweza kuliandika makosa sita. Yangu yakafika ishirini na tatu.

Elibariki, mkubwa wetu kwa umri, aliona moja. Na hilo moja nikamnyima.

Alikuwa ameuliza, "Mwenye msiba je? Huku kwetu aliyefiwa humwachia jirani zamu yake, baadaye anarudishiwa. Programu hii inajua kurudisha?"

Mwenzetu mmoja akadakia, "Eli, umekuja kupitia programu au kupanga matanga?" Tukacheka.

Fomu yangu ilitaka namba ya mstari wenye kosa. Yeye hakuwa na mstari, kwa sababu kosa lenyewe ni kitu ambacho hatukukiandika kabisa. Nikaandika "maoni". Hesabu yake ikabaki sifuri.

Programu ikatoka. Mwezi uliofuata nikapokea simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi Mama Manka. Meseji yenu inasema zamu yangu imepita. Imepita nikimzika mume wangu. Mgawa maji naye siku hizi anafuata meseji. Maharage yangu yamekauka, mwanangu. Nikamlilie nani, simu?"

Nikamwambia tutashughulikia. Kisha nikafanya lile ninaloliungama hapa. Ningeandika kwamba hilo ni kosa lililotuponyoka, bosi angeuliza mapitio yetu yalikuwa ya nini. Nikaandika "ombi jipya". Jedwali likabaki safi.

Bosi akanisifu mbele ya watu. Halafu akaninong'oneza, "Namba zako zimenisaidia. Mkataba wa Elibariki siuendelezi. Barua nampa Jumatatu ijayo."

Niliandika meseji ya kumweleza bosi ukweli nikaifuta, nikaandika nikafuta. Labda bosi anajua. Labda Elibariki ana mipango yake. Labda nitafukuzwa mimi, na nyumbani, kijijini kwetu Mkuu, walishatoa shukrani kanisani kwamba nimepata kazi. Ijumaa Elibariki akaniletea ndizi za kuchoma. "Kula, mdogo wangu, umekonda." Nikazifunga kwenye gazeti, nikazitia kwenye droo.

Wewe unayepewa kazi ya kupima wenzako, usihesabu tu yale mliyoyaona mezani. Uliza yaliyowaponyoka yamemwangukia nani. Na ukijua kipimo chako kinadanganya, sema siku hiyohiyo. Mimi nilingoja, na kila siku niliyongoja ilikuwa inatolewa kwenye maisha ya mtu mwingine.

Jumatatu barua ilikuwa juu ya meza ya kikao. Kabla bosi hajafungua mdomo, nikasimama, nikafungua jedwali kwenye skrini ya ukutani. Ishirini na tatu yangu, nikihesabu kila kosa mara moja tu, nikayafanya manne. Kwa Elibariki nikaandika moja, na mbele yake: maji ya Mama Manka. Kisha nikasoma siku aliyouliza Elibariki, siku aliyopiga simu Mama Manka, na jina la aliyeandika "ombi jipya".

"Kwa hiyo aliliona," bosi akasema.

"Aliliona. Niliyelificha ni mimi."

Akaivuta barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuniangalia. Nikamwomba Elibariki anisindikize, tukapanda mlimani asubuhi ileile, nikamwambia Mama Manka kwa mdomo wangu kwamba kosa halikuwa la simu.