Firigisi Iliyofika Lavington Mfukoni Mwangu

Nyinyi mnaoniuliza kila Jumapili koti langu la kijivu lilienda wapi, leo nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana Mama Nafula yuko hapo jikoni na yeye hahitaji kukumbushwa. Niliaibika, jamani. Niliaibika mbele ya walimu, mbele ya wazazi wa Lavington na magari yao, na mbele ya Wazungu waliokuwa kwao Denmaki wakinitazama kwa skrini, na yote kwa sababu ya kipande cha nyama ambacho ukikifumbata kwa ngumi hakionekani.

Shule ya binti yangu Nafula ina urafiki na shule moja ya Denmaki. Watoto wao wanakuja kukaa na sisi wiki tatu, halafu mwaka unaofuata wetu wanaenda kwao, ati wajue wenzao wanaishi vipi. Jambo zuri, nililikubali mwenyewe bila kusukumwa. Tukaletewa hapa Waithaka msichana anaitwa Frida, rika moja na Nafula, mrefu, mpole, ana adabu kushinda watoto wengi ninaowajua (na hilo ndilo lililoniumiza, angekuwa mkorofi ningepumua).

Siku ya kwanza Mama Nafula akapika kuku wa kienyeji. Sasa, sisi watu wa Bungoma mnatujua. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Haiombwi, haigawanywi, inakuja yenyewe kwa sahani ya baba, na tangu nioe imekuwa ikija. Siku hiyo nikanawa mikono, nikaombea chakula, nikafungua macho, nikaona firigisi yangu imelala kwa sahani ya Frida.

"Mama Nafula," nikasema, "hakuna kitu umesahau?"

"Mgeni ni mgeni, Baba Nafula. Kula, ugali inapoa."

Frida akaitafuna yote huku akisema, "Tamu sana!" Mimi nikameza ugali kama mtu anayemeza dawa.

Kuanzia hapo nikashikwa na wivu, na siwezi kuupa jina lingine. Zamani nikirudi kutoka kazini Westlands (mimi ni fundi wa lifti, nimetoa wakubwa wengi kwenye giza), Nafula alikuwa ananiuliza mlangoni, "Daddy, leo nani alikwama?" na mimi namsimulia mpaka anashika mbavu. Sasa nikifika nawakuta wawili wamebanana kwa kiti changu, nikianza hadithi Nafula anamtafsiria Frida, Frida anauliza swali, swali linazaa kicheko, wanaondoka na yao, na mimi nabaki hapo na yule mtu wangu amekwama kati ya ghorofa na ghorofa, hakuna wa kumtoa. Usiku nalala nikiangalia dari. Kiti kimeenda, firigisi imeenda, hata mtoto ameenda, na mimi ndiye nalipa kodi ya nyumba!

Siku ya kuwaaga wageni ikafika, Jumamosi, kwa ukumbi wa shule huko Lavington. Kila familia ilete chakula, na watoto waeleze desturi moja waliyojifunza kwa nyumba ile, wazazi wa Denmaki wakiwatazama moja kwa moja kwa skrini. Nikamuuliza Nafula wao wataeleza nini.

"Aki Daddy, ni siri. Utaona."

Hata siri nimefungiwa nje. Wakawa wananong'ona na mama yao jikoni, nikipita wananyamaza.

Asubuhi hiyo wanawake walipoenda kuvaa, nikaingia jikoni, nikafungua hotpoti ya kuku wa kupeleka shuleni. Nilitaka tu kuangalia. Firigisi ilikuwa juu ya nyama zote, peke yake, kwa kasahani kake, na hapo damu ikachemka, nikajua imepangiwa Frida tena, ya kumuaga. Nikasema hapana, hii moja haiendi Denmaki. Nikaichukua. Ningeitia mdomoni mambo yangeishia hapo, lakini ilikuwa inachoma, na viatu vya Mama Nafula nikavisikia kwa korido, kwa hivyo nikaifunga kwa kitambaa cha mkono, nikaitumbukiza kwa mfuko wa ndani wa koti.

"Unatafuta nini kwa chakula cha watu?"

"Naangalia kama kifuniko kimekaza."

"Kimekaza. Toka."

Kwa teksi nikaketi katikati ya wale wasichana, nimebanwa, hata kukohoa siwezi. Frida akatoa beji aliyoichora mwenyewe, imeandikwa BABA, akanibandika kifuani, juu ya mfuko wenyewe. Akanusa.

"Nasikia kuku."

"Ni hotpoti," nikasema.

"Hotpoti iko nyuma kwa buti ya gari, Daddy," Nafula akasema.

Nikafungua dirisha.

Ukumbini tukawekwa mstari wa mbele. Zamu ya Frida ikafika, akapanda jukwaani na hotpoti yetu, Nafula kando yake, na nyuma yao kwa skrini baba yake Frida, na miwani na tai, anapunga mkono. Akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na Nafula, polepole, neno kwa neno: "Mimi siku ya kwanza nilikula firigisi. Mimi sikujua. Firigisi ni ya Baba. Baba hakukasirika, alinipa kiti chake. Leo, mbele ya watu, mimi narudisha."

Watu wakapiga makofi, wengine wakageuka kuniangalia na kutabasamu. Mimi nilikuwa nasikia mafuta yakishuka polepole kwa shati.

Frida akafungua hotpoti. Akaangalia, kasahani ni katupu. Akachakura na kijiko. Nafula akachakura.

"Mum, si uliiweka hapa?"

Mama Nafula akasimama. "Niliiweka na mkono wangu huu!" Mama mmoja nyuma yetu akacheka kidogo, kile kicheko cha kusema huyu aliimeza njiani, na nikaona shingo ya mke wangu imeingia mabegani. Frida macho yakajaa machozi. Ningesema kitu. Lakini jasho lilikuwa linanitiririka, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaenda mfukoni ukavuta kitambaa nijipanguse.

Firigisi ikaanguka. Ikadunda mara moja, ikasimama kando ya kiatu cha mwalimu mkuu.

Ukumbi mzima ukainua shingo kuiona. Nafula akasema tu, "Daddy." Mama Nafula akaketi, akajifunika uso na mkoba.

Yule baba kwa skrini akauliza kitu. Frida akamjibu kwa lugha yao, mimi nasikia tu Baba, Baba, nikajua nimekwisha. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema maneno marefu, na Frida akanigeukia, machozi bado yako kwa mashavu.

"Baba yangu anasema, yeye pia ana wivu. Kila siku kwa simu mimi nasema Baba wa Nafula na lifti, Baba wa Nafula na lifti. Anasema angekuwa hapa, angeificha pia." Akasita. "Na anauliza, yule mtu wa kati ya ghorofa, alitoka?"

Jamani. Kumbe hadithi zangu zilikuwa zinafika Denmaki, na kule kuna mtu alikuwa anangoja mwisho. Nikasimama na doa langu na beji yangu, nikamtoa yule mtu kwa lifti mbele ya ukumbi mzima, Nafula akitafsiri, na kwa mara ya kwanza kwa wiki tatu akashika mbavu. Firigisi yenyewe ilichukuliwa na paka wa shule.

Koti lilikataa kusafika, ndiyo maana hamlioni. Siku hizi firigisi yangu inaletwa imefunikwa, na Mama Nafula anauliza mbele ya wageni kama niletewe sahani au mfuko. Nimeapa, nyama, iwe ya nani, haitaingia tena kwa nguo yangu. Lakini mwaka ujao Nafula anaenda kukaa kwao Frida, na nikifikiria ameketi kwa kiti cha yule mzee akicheka hadithi zake, wivu unanirudia pale pale. Jana nikamwita kando.

"Nafula, ukifika kwao, kabla hujatia kitu mdomoni, uliza kwanza ni cha nani. Kikiwa cha baba, wacha."