Kaburi la Ndani ya Zizi

Nasema mapema ili msije mkanifikiria vizuri: kitabu cha ukoo wetu wa Zuzu sikukianza kwa kupenda historia. Nilikianza kwa hasira.

Baba alipofariki tulitaka kumzika kijijini Zuzu, kwenye eneo la mababu. Baba mkubwa, ndugu yake wa ukoo, akasimama mbele ya waombolezaji akasema haiwezekani. Eti babu yake baba hakuwa wa damu. Alikuwa mpagazi wa msafara, aliachwa Mpwapwa anaumwa, wakamchukua wakamlea. "Mtu wa kuja hazikwi na wenyeji," akasema. Mzee huyu alikulia Dar es Salaam, kastaafu na cheo, akiongea utadhani anasoma tangazo. Hakuna aliyembishia. Tukageuza gari na jeneza, tukamzika baba makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Mama alilia njia nzima. Mimi sikulia. Niliweka kinyongo, nikakitunza.

Miaka ikapita. Wajukuu wakaanza kuulizia asili yao, na baba mkubwa akataka kitabu. Nikajitolea mimi. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamwomba anionyeshe makaburi huku simu inarekodi. Alifurahi kweli.

Pale Zuzu tembe la zamani, nyumba ya udongo ya mababu, limebaki vichuguu, lakini alama ya zizi bado ipo. Akanyoosha fimbo. "Babu yangu yule pale, nje, penye hewa. Babu wa baba yako walimfukia humu ndani, kwenye mavi ya ng'ombe. Mwenyewe unaona walivyomthamini."

Nikaandika. Sikujua kitu, nilizidi kuumia tu.

Kesho yake nikarudi peke yangu kwa bibi mmoja jirani, mzaliwa wa palepale. Nikamsikilizisha sauti ya mzee kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia zamani mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, ndiye aliyezikwa zizini, katikati ya ng'ombe wake. Mgeni, hata apendwe vipi, alizikwa nje ya ua.

"Sasa bibi, mbona hukusema siku ya msiba?"

"Aliniuliza nani?"

Nilikaa na jambo hilo miezi mitatu. Ningeweza kwenda kumwambia mzee faraghani, kistaarabu. Sikutaka. Alinivua nguo mbele ya watu, na mimi nilitaka watu. Nikasubiri kikao cha ukoo, wakaja hadi ndugu wa Makutupora. Nikamketisha bibi mbele, nikawasha simu. Sauti ya baba mkubwa ikasikika vizuri, na fimbo yake, na mavi ya ng'ombe. Kisha bibi akaeleza, taratibu, nani huzikwa wapi. Wazee wawili wakaitikia kwa kichwa. Wengine wakaangalia chini.

Nilifurahi. Sitaficha. Nilimtazama akitafuta leso na nikafurahi.

Tatizo lake lilikuwa moja, na wote tulilijua: alikuwa ameshajijengea kaburi palepale kwenye eneo la mababu, la vigae vyeupe, limebaki tarehe tu. Watu walipotawanyika akanisogelea. Sauti ya tangazo ilikuwa imekwisha.

"Mwanangu," akasema, "sasa mimi mtanizika wapi?"

Nikakunja karatasi zangu.

"Makaburi ya mjini bado yana nafasi, baba mkubwa. Njia ninaijua, nilishaipita na jeneza."