Waya ya Namba Tisa

Shule mimi niliiona kwa dirisha, na siku hiyo nilipochungulia wakafunga dirisha. Lakini waya za simu za ile ploti ya Kisii mjini, miaka ile ya tisini, hakuna profesa angenifundisha. Nilikuwa keateka, mwangalizi wa nyumba. Ghorofa nne, nyumba kumi na mbili, na waya nyingi hivi kwamba ukizinyoosha zinafika Ekerenyo, zinakunywa chai, zinarudi kabla ya giza.

Zote zilikuwa rangi moja, kijivu. Waliozivuta waliziandikia namba kwa vikaratasi, panya wakala vikaratasi. Mimi kuhesabu najua, kuandika ndiyo shida, basi nilizifunga nyuzi za mgomba. Fundo moja, nyumba ya kwanza. Mafundo mawili, nyumba ya pili. Ya kumi na mbili ilikuwa ndefu kama rozari. Watu walicheka sana hizo nyuzi, na waya ikipotea walikuja kugonga kwa nani? Kwangu.

Simu zilikuwa za tajiri. Tajiri ni yule Mhindi mwenye ploti. Duka lake la misumari na mabati lilikuwa pale chini, na nyuma ya kaunta kulikuwa na ubao wa matundu, mamake ameketi mbele yake anachambua dengu. Ukiinua simu nyumbani kwako ndiye anajibu, "Namba?" Unamwambia unataka nani, anachomeka waya kwa tundu, unaongea. Lakini laini ya kwenda nje ilikuwa moja tu, ya nyumba zote na duka. Jamaa wa namba nne akianza kuongea na shemeji yake wa Kenyenya, dunia nzima ikipiga inaambiwa imeshikwa. Na huyo shemeji alikuwa hana maneno, alikuwa na kitabu.

Sasa kule ghorofa ya tatu, nyumba namba tisa, alikaa muuguzi mmoja na binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa mgonjwa wa moyo. Akipanda ngazi kumi midomo inakuwa kama amekula zambarau. Kwa hivyo jioni akitoka shule nilikuwa nachuchumaa pale mlangoni, anapanda mgongoni, nampeleka juu. Alikuwa mwepesi. Nimebeba kuku wa soko la Daraja Mbili wazito kuliko yeye. Ananipigapiga bega, ananiita mzee kwa Kigusii, "Omogaka, tia gia." Mimi natia gia.

Daktari wa Nairobi alikuwa amemwambia mamake hivi: kitanda cha upasuaji nitajua Ijumaa alasiri. Nikikipata nakupigia kabla sijatoka ofisini, saa kumi na moja. Simu isiposhikwa nampigia mzazi anayefuata, maana watoto ni wengi.

Muuguzi hakutaka kuweka roho ya mtoto wake kwa ile laini ya shemeji. Akaenda ofisi ya simu akaomba laini yake mwenyewe, ya moja kwa moja, isiyopitia dukani. Wakampa namba kwa karatasi, wakasema fundi anakuja Jumatano. Naye akampa daktari hiyo namba mpya. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Fundi akaja Ijumaa yenyewe, saa nane mchana, na sanduku lake la vyuma.

Kwa hivyo elewa mambo yalivyokuwa. Namba mpya iko Nairobi kwa meza ya daktari, na hapa Kisii haina hata simu ya kulilia. Tangu asubuhi muuguzi alikuwa amejaribu kumpigia daktari ampe tena ile namba ya zamani, akajaribu dukani, akajaribu kwa kibanda cha simu, na kila akipiga hospitali imeshikwa.

"Waya mpya sivuti," fundi akasema. "Hizi za zamani zinatosha. Namba tisa naichomoa kwa ubao wa duka, naiunganisha na laini yangu hapa kwa sanduku la mlangoni. Ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Lakini nawaambia mapema, nyumbani kwangu ni Nyaramba, na leo ni Ijumaa. Saa kumi na moja na nusu niko barabarani. Jua likizama ni Sabato, plaizi sishiki."

"Hata mimi ni Msabato," nikamwambia.

Akaniangalia kuanzia viatu. "Mungu ana subira," akasema.

Alifungua sanduku la mlangoni akaona nyuzi zangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, hapa ni simu ama ni soko la mboga?"

"Hesabu mafundo tisa, uvute," nikamwambia. "Ukipata imekosea, unikate kidole."

Akahesabu, akachomoa, akaunganisha. Muuguzi alikuwa juu, amekunja zile ncha mbili za waya pamoja kama alivyoambiwa. Huku chini fundi alikuwa na kengele ndogo na betri. Waya ikiwa nzima kutoka juu mpaka chini, kengele inalia. Akaigusisha.

Kimya.

Akagusisha tena. Kimya cha kaburi la bubu.

"Sista," akaita juu, "umekunja?"

"Nimekunja mpaka kidole kinatoka damu," muuguzi akajibu.

Fundi akajaribu namba nane. Kimya. Kumi. Kimya. Akajaribu zote kumi na mbili, na jasho linamtoka. Hakuna hata moja iliyofika nyumba namba tisa. Tajiri akatoka dukani kuangalia. "Nini shida?" akauliza. "Naambiwa chai moja. Sasa mimi naona chai ya harusi."

"Shida ni mafundo ya huyu mzee," fundi akasema. "Yanadanganya. Hapa hakuna namba tisa."

Hapo nikaumia. Mafundo yangu hayajawahi kudanganya. Nilijua waya ni hiyo hiyo, na nikaanza kujiuliza imekatikia wapi kati ya mlango na ghorofa ya tatu. Halafu nikasikia harufu ya sabuni ikitoka kwa chumba changu chini ya ngazi, nikajua ni wapi.

Acha nikuambie kitu ambacho hakuna mtu alijua. Waya zote za ile nyumba zilipitia chumbani kwangu, ndani ya bomba, nyuma ya kitanda. Miaka miwili nyuma mpangaji mmoja alihama akaacha simu nzee. Nami nikatoboa bomba, nikakata waya ya namba tisa, nikaziunganisha ncha pamoja na hiyo simu yangu, nikafunga kwa karatasi ya peremende, nikaificha simu chini ya kitanda ndani ya sufuria. Nilichagua tisa kwa sababu muuguzi alikuwa kazini mchana, waya imelala bure.

Nilikuwa nampigia nani? Hakuna. Kwetu hakukuwa na mtu mwenye simu, mwenye redio mwenyewe alikuwa mmoja. Nilikuwa nainua tu, yule mama mzee wa duka anasema "Namba?", nami nabana pua niwe kama mwanamke, namuuliza, "Habari yako, mama? Saa ngapi?" Ananiambia. Sikuwa na saa, na geti la nyuma lazima lifungwe saa saba mchana kamili. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote.

Na Ijumaa ni siku ya maandalizi ya Sabato. Mke wangu siku hiyo anasafisha nyumba kama malaika anakuja na kipimo.

Nikaingia chumbani polepole, kama mtu anayetafuta fagio. Kitanda kilikuwa kimehamishwa ukuta mwingine. Sakafu inang'aa. Ile karatasi ya peremende imefagiliwa, na waya zangu zinaning'inia kama miguu ya jongoo. Mke wangu alikuwa ameshavaa kitambaa kipya.

"Kulikuwa na uchafu mwingi nyuma ya kitanda," akasema. "Nimevuta wote."

Nikapiga magoti. Mawazo yangu yalikuwa hivi: niziunganishe haraka, kengele ilie mlangoni, watu waseme ni muujiza, na mimi niendelee kuwa mtu wa maana. Ncha za chini nikazipata. Za juu zilikuwa zimerudi ndani ya bomba kama kichwa cha kobe. Nikatia kidole, hakifiki. Nikatia kijiko, kikapinda. Nikachukua kibano cha nywele cha mke wangu, nikashika ncha, ikateleza, ikarudi ndani zaidi.

Kule mlangoni nikasikia sanduku la chuma likifungwa, *kwa!*

"Nitarudi Jumatatu na waya mpya," sauti ya fundi ikasema.

"Jumatatu si ya kwangu," muuguzi akasema. Alikuwa ameshuka. Hakupiga kelele. Ile sauti ya kuambia wagonjwa habari mbaya, ndiyo alitumia. "Ni saa ngapi?"

"Kumi na moja kasoro dakika kumi na tano," tajiri akamjibu.

Nikachungulia. Mtoto alikuwa ameketi ngazi ya kwanza, na begi lake la shule, ananingoja mimi nichuchumae. Hakujua hata kidogo kinachoendelea. Akaniona na kijiko kilichopinda. "Omogaka, umekula nini ngumu hivyo?"

Nimewahi kufukuzwa na fahali kule Nyamira nikavuka mto bila kulowa. Huo ulikuwa mchezo. Kutoka chumbani kwangu mpaka pale mlangoni ni hatua sita, na ilikuwa safari ndefu kuliko zote za maisha yangu. Chumba kilikuwa cha tajiri. Kazi ilikuwa ya tajiri. Watoto wangu wanne walikuwa wanalala kwa hicho chumba.

"Fundi," nikasema, "fungua sanduku lako. Waya imekatika chumbani kwangu. Ni mimi niliikata."

Wakanifuata chumbani. Nikainama nikatoa sufuria, nikafunua kifuniko, simu ikawa pale, imelala kama kuku wa wageni.

Tajiri akaiangalia, akaniangalia. "Wewe mzee nakaa na simu ndani ya sufuria?"

"Miaka miwili, tajiri."

"Kwa waya ya mama huyu?"

"Yake."

Muuguzi akaweka mkono mdomoni. "Kumbe ile pumzi nilikuwa nasikia nikiongea jioni ni yako. Nilidhani hii nyumba ina jini."

"Nilikuwa nainua kwa makosa, Sista."

"Jini halikohoi," akasema. Halafu akamgeukia fundi. "Mtahukumiana baadaye. Unaweza?"

Fundi alikuwa ameshalala kifudifudi kwa ile sakafu safi, na viatu vyake vya matope, na mke wangu amefumba macho asione. Akapasua bomba kwa msumeno. Akaingiza mdomo wa plaizi. Ncha moja ikatoka. Ya pili ikakataa. "Shika tochi, jini," akaniambia. Nikashika tochi. "Usitetemeshe." Nikaishika kwa mikono yote miwili na meno. Ya pili ikatoka ndefu kama kucha. Akakata ile simu yangu, akatupa waya zake huko, akasokota mbili kwa mbili, akafunga teipu.

Muuguzi alikimbia juu. Fundi akamfuata na simu mpya kwapani. Mimi nikachuchumaa, mtoto akapanda mgongoni, nikatia gia ambayo haijatengenezwa bado.

Tulipofika namba tisa saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi na moja kwa dakika sita. Fundi akafunga skrubu za mwisho, muuguzi akainua mkono wa simu. Ikavuma, ule mvumo wa laini iliyo hai. Akauweka chini haraka kama unaunguza.

Tukangoja. Tajiri alikuwa amepanda pia, anahema. Hakuna aliyeketi ila mtoto. Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa migomba, na fundi alikuwa analiangalia dirishani, analiangalia, sanduku lake likiwa mkononi.

"Nenda, utachelewa Sabato," muuguzi akamwambia.

"Ng'ombe akianguka kisimani anatolewa hata Sabato," fundi akasema. Akaweka sanduku chini.

Dakika kumi na moja. Kumi na tano. Nilikuwa nimeshaanza kuomba kwa Kigusii, maana kwa Kiswahili nilikuwa naona Mungu anachelewa kuelewa.

Ikalia.

Muuguzi aliiangalia kama haijui. Ikalia mara ya pili ndipo akaishika. "Ndiyo," akasema. "Ndiye mimi. Ndiyo, daktari." Akasikiliza muda mrefu, kumbe daktari naye alikuwa amechelewa kutoka ofisini. Sisi tunamwangalia mdomo. "Jumapili jioni tutakuwa hapo. Ndiyo. Na nguo za kulalia mbili." Akaweka simu. Akaenda jikoni akafungua mfereji wa maji, akauacha umwagike kwa nguvu, na hatukumfuata.

Fundi akapata gari la mwisho. Sijui kama jua lilimngoja.

Tajiri alinishusha mpaka dukani. Nilijua nafukuzwa, nilikuwa nahesabu kichwani vitu vya kufunga. Akaiweka ile simu yangu juu ya kaunta, akamwambia mamake kwa Kihindi mambo yote, na mikono inaruka. Mama mzee akaendelea kuchambua dengu. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisikie:

"Mimi najua siku nyingi. Mama ya tisa iko kazi mchana. Saa saba nani nauliza mimi saa ngapi, na sauti ya ng'ombe nabanwa pua?"

"Na wewe nanyamaza?" tajiri akamuuliza.

"Watu yote hapa nataka namba, namba, namba. Huyu peke yake nasema, habari yako mama."

Tajiri akaisukuma ile simu kando. Mwishowe akaniambia nizibe bomba kwa saruji kesho kutwa, nisiguse waya tena mpaka nife, na hata nikifa niulize kwanza. Nikarudi chumbani kwangu nikakuta mke wangu anafuta matope ya fundi, na dakika chache zimebaki jua lizame.

Mtoto alikaa Nairobi wiki saba. Aliporudi nilichuchumaa pale mlangoni. Akanipita. Akapanda mwenyewe, ngazi zote, akisimama kila ghorofa kunichungulia, na midomo yake ilikuwa rangi ya midomo. Nilibaki pale chini nimechuchumaa kama mjinga.

Baadaye wapangaji wengine nao wakahamia laini zao, mmoja mmoja, na fundi kila akija anahesabu mafundo yangu bila kuuliza. Ule ubao wa matundu ukafunikwa kitambaa. Lakini saa saba mchana mama mzee alikuwa anatoka mpaka mlango wa duka, anainua uso kuelekea ngazi, anaita:

"Namba tisa! Saa saba!"

Nami nilikuwa nabana pua, namjibu asante.