Singo ya Asya na Makopo ya Moza

Jambo la kwanza linaloonekana kwa Bi Asya wa Ole ni kwamba huitikia salamu za simu kwa mdomo. Ujumbe ukiingia, hata ukiwa wa maandishi tu, yeye husema kwa sauti, "Waalaykumu salaam, mwanangu," ndipo vidole vyake, vyenye manjano ya liwa, ule mti wa manukato unaosagwa, kwenye kucha, vianze kuandika. Anayemwona mara ya kwanza hudhani ana mgeni ukumbini.

Wageni anao kweli, ila hawaonekani. Ni wanawake wa kundi la WhatsApp aliloanzisha mwenyewe, Singo ya Kwetu, na wametapakaa kutoka Makangale hadi Maskati. Singo ni ule unga wa manukato anaosuguliwa bibi harusi. Kwa miaka kadhaa Asya amewafundisha bure: mawaridi yaanikwe kivulini, karafuu zisizidi, liwa mwishoni. Akiulizwa akiwa anapalilia muhogo, hujibu hapo hapo kondeni, jembe kwapani.

Basi siku moja binamu yake Moza, anayekaa Wete, na ambaye Asya mwenyewe alimpa usimamizi wa kundi ili amsaidie, akatuma picha. Makopo yamepangwa mezani, kila moja limebandikwa karatasi: SINGO YA BI MOZA. Chini yake wanawake wakaanza kumiminika.

"Mashaallah, niwekee mawili."

"Na mie, shoga, nitamtuma mtu."

Asya aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Rangi ya unga ule aliijua. Ulikuwa mkono wake, ndani ya kopo la mtu mwingine.

"Mwizi!" alimwambia mumewe, Himid, aliyekuwa akinoa panga.

"Kakuibia nini?"

"Singo yangu!"

"Si uligawa mwenyewe? Una wivu tu, mke wangu, na wivu wenyewe umekuja umechelewa."

"Wivu wa nini mie? Makopo yenyewe yamekaa kama ya dawa ya kunguni!"

Himid akacheka peke yake. Mchana ule ule Asya akatangaza kundini kwamba kuanzia mwezi ujao, atakayetaka mafunzo atalipa ada. Kisha Bi Mwanawema, mtu mzima wa Makangale anayeheshimiwa na wote, akatuma sauti: "Mwanangu Asya, unatutia haya. Tangu lini somo, kungwi wa bibi harusi, akatangaza bei? Somo hutunzwa."

Wawili watatu wakajitoa bila kuaga. Moza akatuma kikatuni cha kucheka, kisha akakifuta, lakini Asya alikuwa ameshakiona.

Ada akaiondoa. Kidole chake kikasimama juu ya jina la Moza, palipoandikwa Ondoa, lakini hakubonyeza, kwani alijua wanunuzi wangemfuata huko nje. Ila neno la Bi Mwanawema lilimkaa. Kutunzwa! Kama harusini, ngoma ikinoga, mtu hufungua pindo la kanga akatoa akipendacho, mbele za watu, bila kuombwa.

Siku ya pili akatuma sauti mpya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wote waliozoea kusikilizana tu waje kwake Ole, waonane kwa macho, watwange singo pamoja. Kuingia bure. Atakayetaka kutunza, atunze. Jua halijachwa, Silima, mwenye duka la kanga Wete, akapiga simu kuomba pahala pa kutandika bidhaa zake, na malipo ya pahala hapo akayataja mwenyewe. Bi Mwanawema akasema yeye na wenzake wanakodi gari.

Kisha akapiga Moza. "Da Asya, na mie nije na makopo yangu?"

"Njoo, mdogo wangu. Nafasi ipo."

"Wapi?"

"Utaiona."

Nafasi ile iko nyuma, kando ya banda la mbuzi. Asya ameshaikagua na kuridhika kwamba upepo huvuma kutoka bandani. Tangu hapo ua umefagiwa, vinu vimeazimwa kwa majirani, mawaridi yamefunikwa chandarua. Himid humwuliza kama anangojea wageni au anangojea vita, naye huenda kugeuza mawaridi yake. Anachongojea anakijua: gari litakaposimama na wanawake wakateremka, je, watakielekea kinu chake kwanza, au watauliza, "Bi Moza yuko wapi?" Jumamosi yenyewe ni keshokutwa.