Honi Tatu Kabla ya Lilongwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani tangu nilipokuwa na umri wako. Ni siku niliyoingia Lilongwe kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, moyo umejaa furaha ya kijinga. Nawe umesema mnakwenda huko huko na wenzako, basi nisikilize kidogo kabla hujawasha.

Tulikuwa watatu. Mimi wa hapa Mwaya, Gwamaka wa Ngana niliyesoma naye, na Salumu, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitenge Kyela mjini. Mjomba wa Salumu alifanya biashara Lilongwe, akatualika tukamtembelee. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri, na kwa mdomo pia. Nilikuwa nimewatambia vijana wote wa stendi kwamba mtu wa kwanza kuingia mji ule wa watu ningekuwa mimi.

Asubuhi ya kuondoka tulimpitia Gwamaka kwao. Baba yake, mzee wa maneno machache, alinishika mkono. "Huyu si mwendeshaji kama wewe," akaniambia. "Mwangalie kwenye kioo. Usipomwona, simama." Nikaitikia kwa heshima zote. Kuitikia ni rahisi, mwanangu.

Tulivuka mpaka pale Kasumulu, tukapita Karonga ziwa likiwa kushoto kwetu, tukaupanda mlima wa Chiweta kwa gia ndogo huku kila mtu akisali kimoyomoyo, tukalala Mzuzu. Siku ya pili, tulipofika Kasungu, mnyororo wa pikipiki ya Gwamaka ulikuwa umelegea, unalia kama mtu anayesaga meno. Tukaukaza tulivyoweza. Salumu alitaka tutafute fundi. Nikasema mji uko karibu, mafundi wamejaa huko. Tukakubaliana twende taratibu, Salumu mbele, mimi katikati, Gwamaka nyuma.

Jambo moja ulielewe. Simu yangu na ya Gwamaka zilikuwa hazishiki mtandao tangu tuvuke mpaka. Salumu peke yake ndiye aliyenunua laini ya kule, na ndiye pekee aliyejua duka la mjomba liko wapi. Gwamaka akitupoteza, hakuwa na wa kumpigia wala pa kwenda.

Tulipoupita mji mdogo wa Mponela, nikasikia honi nyuma yangu. Baada ya kitambo, ya pili. Nikatazama kioo: Gwamaka alikuwa mbali, amepunguza mwendo, mkono mmoja juu. Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba tukisimama tutaingia mjini jioni, tunasukuma pikipiki mbovu, na hakuna atakayenitazama. Ikalia ya tatu. Nikaongeza mwendo.

Mbele kidogo Salumu akapunguza, tukawa sambamba. Akapaza sauti, "Gwamaka yupo?"

"Yupo, namwona," nikamjibu. Kwenye kioo changu hapakuwa na kitu isipokuwa barabara.

Nikampita Salumu, nikaingia Lilongwe wa kwanza kama nilivyotamba. Dukani, mjomba alitupokea kwa maji ya baridi na maneno mazuri, akatupiga picha mbele ya mlango. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama hatukuwa watatu.

Tukangoja. Kila pikipiki iliyopita tuliinua vichwa. Nusu saa ikapita, ikawa saa nzima. Salumu akawa anatembea kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi. Mwishowe akaniuliza nilimwona wapi mara ya mwisho. Nikasema pale pale tunapoingia mjini. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshazaa wa pili, na huo wa pili ulitupotezea saa nyingine. Tulizunguka vituo vya mafuta vya pembeni mwa mji, tukiuliza kwa ishara na Kiingereza cha kuungaunga, tukimtafuta mtu mahali ambapo mimi nilijua fika kwamba hayupo. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Yangu iliishia kwenye kituo cha tatu. Hapo nikamwambia Salumu ukweli wote, pamoja na zile honi.

Aliigeuza pikipiki yake kurudi kaskazini, nami nikamfuata.

Tuliikuta pikipiki ya Gwamaka mtaroni, imelala ubavu, mnyororo umekatika na kujisokota kwenye gurudumu la nyuma. Mwenyewe hayupo. Kwenye majani palikuwa na damu. Tuliita jina lake kuelekea mashamba ya tumbaku, tukaita tena, na sauti yangu nilipoisikia haikuwa yangu.

Akatokea mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza viazi vitamu kando ya barabara. "Mugonile," akatuamkia, nami nusura nilie. Alikuwa mzaliwa wa Karonga aliyeolewa kule, na Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu wa tumbo moja. Akatuongoza nyuma ya nyumba yake. Gwamaka alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungiwa vijiti, uso umepauka. Yule mama alikuwa ameshatuma mtu kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Akanitazama. "Mlitoka kwenu wangapi?"

"Watatu, mama."

"Na mjini mmefika wangapi?"

"Wawili."

"Basi hamjafika," akasema, akarudi kumpa Gwamaka maji.

Nilipiga magoti kando ya mkeka. Gwamaka alisema alipotuona tunapotea aliogopa, akakimbiza chombo kibovu ili asitupoteze machoni, ndipo mnyororo ukakatika. Kisha akasema, "Nilipiga honi. Nilijua umesikia."

"Nilisikia," nikasema.

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, mwanangu, guu likavunjika la mwenzangu. Lilongwe yenyewe sikuiona, niliona wodi. Tuliporudi nilikwenda Ngana, nikamweleza baba yake bila kupunguza kitu. Mzee akaniambia mpunga wa Gwamaka unahitaji mtu. Nililima shamba lile misimu miwili. Gwamaka alinisamehe kabla ya mavuno ya kwanza, lakini hajapanda pikipiki tena, na hadi leo ukikutana naye kwenye kakao yake anachechemea.

Kwa hiyo nakuasa. Safari ya wengi huenda kwa mwendo wa yule mwenye chombo kibovu. Mwenzako akikuita nyuma, simama, hata kama mji unauona. Na ukikosea, useme mapema, maana uongo humtafuta mgonjwa mahali asipolala. Sifa za kufika wa kwanza zilinidumu muda wa kunywa glasi moja ya maji.

Nenda sasa, wasikungoje. Kyala, Mungu wetu, awe mbele yako na nyuma yako, awafikishe nyote, awarudishe nyote, na mama zenu wawahesabu mlangoni wasikose hata mmoja.