Kiti cha Marehemu Nilichokiita Sampuli

Mwenye kosa ni mimi. Msinipe pole, na anayetaka kunitukana atukane tu, nimeshajitukana mwenyewe mpaka basi!

Nafanya biashara ya mikoba Guangzhou. Ofisi iko mtaa wa Xiaobei, mikoba naishonesha kwenye viwanda vya Shiling. Shangazi yangu, aliyenilea Unguja, alikuwa na kiti cha Kifaransa cha karne ya kumi na nane, kimechongwa maua mpaka miguuni. Mumewe alikirithi kwa wazee wake, na alipofariki, Shangazi hakutaka mtu mwingine akikalie. Mguu mmoja ukalegea. Mimi na kiherehere changu nikamwambia, "Nipe nikakitengeneze China, Shangazi. Kule mafundi hawana mchezo."

Akanikabidhi. Lo!

Kilipofika Guangzhou tamaa ikanipanda. Nikawaza viti kama kile arobaini, niziuzie hoteli za nyumbani. Nikakipeleka kiwanda cha samani, na habari ya mguu sikuitaja kabisa. Nilimwambia bosi ni sampuli.

Na najua sampuli inafanywa nini! Shiling kila nikiacha mkoba, wanauchana vipande ili wapate vipimo. Wiki iliyofuata nikakuta kiti kimepasuliwa kwa msumeno, kila kipande kimeandikwa namba.

"Laoban, umeniua!" nilimpigia kelele yule bosi.

"Pengyou, rafiki yangu, sampuli si lazima ifunguliwe?" akanijibu, wala hakuinuka.

Nilitamani kumzaba kibao. Lakini yeye alikosa nini?

Nikabeba kopi moja waliyonichongea kiwandani mpaka Unguja. "Shangazi, kiti chako kimepona."

Akapitisha vidole chini ya mkono wa kulia wa kiti. Marehemu alikuwa na tabia ya kupakwaruza pale kwa kucha akisikiliza redio, mpaka pakachimbika. Wale mafundi walinakili kila ua, lakini pale chini palikuwa laini.

"Hichi kizuri," akasema. "Changu ki wapi?"

Nikasema ukweli. Hakulia, na bora angelia! Alikiburura mwenyewe mpaka nje, barazani. "Kiti chako hicho. Ukija kwangu, mwisho wako hapo."

Ni mwaka wa tatu sijavuka mlango ule. Chai naletewa nje.

Wewe uliyepewa kitu cha mtu ukitengeneze, kitengeneze ukirudishe! Ujanja wako weka mbali. Ama sivyo utakaa kama mimi, mvua inakunyeshea kwenye kiti kizuri, na ndani unamsikia aliyekulea akifungulia redio.